Mwalimu Aliyewasamehe Wafu

Mwalimu alikuwa akiwasengenya watu waliokufa miaka mia nne, mia tano iliyopita. Sisemi alisimulia historia yao, maana hiyo ni kazi ya kila mwalimu wa somo hilo. Yeye aliwasengenya hasa, kwa sauti ya chini, akisogeza kiti karibu, kana kwamba wahusika wako chumba cha pili na wanaweza kusikia. Mfalme wa Malindi wa enzi za Wareno kwake alikuwa "yule jirani mwenye kijicho," aliyewapokea wageni kwa shangwe kwa sababu tu Mombasa walikuwa wamewakataa. Manahodha waliotoka Lisboni walikuwa watu wa kuvaa mahameli kwenye jua la saa saba mchana, halafu wakalalamika joto. "Na hawaogi," alikuwa akimalizia, huku akiutazama mlango.

Nilimjua kwanza nikiwa na miaka kumi na tano, katika shule moja ya wasichana mkoani Lindi. Nikampoteza kwa miaka mingi, nikamkuta tena Minnesota, Marekani. Mimi nilikuja kusoma nikabaki. Kazi yangu ni ya maabara, katika hospitali moja Maplewood. Yeye aliletwa na mwanawe wa pekee, Elia, baada ya kustaafu. Nitasema mapema jambo ambalo wengine wangeliweka mwisho: Mwalimu alifariki bila kumpa Elia radhi, na Elia alikuwa amemwomba. Kila ninapotaka kumkumbuka kwa kicheko, na sababu za kucheka zipo tele, jambo hilo linakuja kukaa katikati.

Darasani kwake hakuna aliyeruhusiwa kusema "Wareno" na kuishia hapo. Ukisema Wareno walikuja wakachoma mji, anakukata: "Mreno yupi?" Ukiandika kwenye mtihani, unarudishiwa karatasi ina neno moja la wino mwekundu pembeni, "Yupi?", na maksi zako zimekwenda na maji. Mwanzo wa kila muhula alitugawia watu. Hakugawa wafalme. Mmoja alipewa kuwa mfumaji wa hariri wa Pate, mwingine mke wa baharia aliyeachwa Lisboni na watoto, mwingine mpishi wa ngome ya Mombasa. Mtu wako unakaa naye muhula mzima, na asubuhi yoyote Mwalimu angeweza kukusimamisha akuulize mtu wako jana alikula nini, alilala wapi, anamwogopa nani.

Mimi nilipewa mfua nguo wa ngomeni. Nililia. Nilitaka malkia, hata wa kisiwa kidogo. Mwalimu akaniambia malkia wana watu wa kuwakumbuka, wewe mkumbuke huyu. Basi mpaka leo nikipita upande wa sabuni dukani humfikiria yule mama, ambaye hakuwahi kuwapo, akihangaika na madoa ya mvinyo kwenye mashati ya watu wasiomjua hata jina. Nadhani hicho ndicho alichotaka tubaki nacho, na kwa upande wangu alifaulu.

Kipenzi chake, lakini, hakuwa mfua nguo. Alikuwa mtoto wa mfalme wa Mombasa. Baba wa mtoto huyu aliuawa kwa hila za Wareno, na yeye mwenyewe, angali mdogo, akapelekwa Goa. Huko akalelewa na mapadri, akabatizwa, akapewa jina la Kireno, akaapa utii kwa mfalme wa Ureno. Alipokuwa mtu mzima wakamrudisha Mombasa atawale kwa niaba yao. Watu wake wakamwona mgeni. Wareno wakamwona mtu wa pwani aliyevalishwa suruali. Siku moja akaonekana kwenye kaburi la baba yake, anasali sala ya Kiislamu, na habari zikafika ngomeni. Kabla hajashtakiwa aliingia humo na watu wake, akamuua mkuu wa ngome, na mauaji yakaenea mpaka kwa wanawake na watoto. Mwishowe aliiacha ngome yenyewe akaishia kuwa haramia baharini.

Mwalimu hakuficha hata tone la damu ile. Kila mwaka alimfanyia kesi darasani, nusu yetu tukimshtaki na nusu tukimtetea, naye akiwa hakimu. Kwa mauaji alimhukumu bila huruma. Kwa kiapo alimwachia huru kila mara, na maneno yake yalikuwa yale yale: "Mtoto aliyeapa ili arudi nyumbani hakuapa. Aliomba nauli." Tulikuwa tunayajua, tukayasema naye kwa pamoja kama kiitikio, na yeye akajifanya amekasirika.

Majira ya joto ya kwanza aliyoyaona Marekani, Elia alitupakia garini akatupeleka kaskazini, tukaupita mji wa Anoka mpaka kwenye mashamba. Mahindi yalikuwa yamesimama pande zote mbili za barabara. Mwalimu akaomba tusimame. Akashuka na kitenge chake na viatu vya kanisani, akaingia ukingoni mwa shamba la mtu, akashika bua moja na kusema kwa adabu zote, "Shikamooni."

"Mama, unayaamkia mahindi?" Elia akacheka.

"Hawa ndio wenyeji wa bara hili. Walikuja kwetu kwa meli za Wareno, pamoja na muhogo. Kabla ya hapo bibi zako walikula mtama. Leo mtu anakukazia macho anakwambia ugali wa sembe ni asili yetu toka enzi na enzi."

"Kumbe mahindi yalipewa uraia wetu bila kuapishwa," Elia akasema.

Mwalimu alicheka mpaka akashikilia mlango wa gari. Nami nilicheka. Sikujua wakati ule kwamba Elia alikuwa anapapasa, anapima kama pana mahali pa kukanyaga. Alikuwa ameshaapa. Aliapa kabla mama yake hajapanda ndege, na aliapa kwa sababu hiyo hiyo ya ndege. Mwenye grini kadi hawezi kumwombea mzazi makazi ya kudumu, raia anaweza. Na sheria ya kwetu haikubali uraia wa nchi mbili. Ukinyanyua mkono huku, kule umeshajitoa. Elia aliujua uzito huo vizuri, akaupima, akamchagua mama. Kosa lake ni kwamba hakumwambia.

Ilikuja kujulikana siku ya uchaguzi mkuu, mwaka wa pili. Nilikuwa nimekwenda kwao Golden Valley kumpelekea Mwalimu kisamvu. Tulikuwa sebuleni, yeye kwenye kiti chake karibu na dirisha, mjukuu wake Neema akichora sakafuni. Elia akaingia kutoka kazini, amesahau kubandua kwenye koti kile kibandiko chekundu wanachogawa vituoni, kinachotangaza kwamba aliyekivaa amepiga kura.

"Umepigaje kura nchi ya watu?" Mwalimu akauliza. Mwanzoni alikuwa anatania.

Elia akakiangalia kile kibandiko kana kwamba amekiona kwa mara ya kwanza. Hakuwa mtu wa kudanganya anapoulizwa. Alikuwa mtu wa kunyamaza asipoulizwa. Akaeleza yote.

"Sikutaka upate stress, Mama. Kila nikianza kukwambia, unazungumzia siku ya bendera."

Siku ya bendera ilikuwa kweli haimtoki mdomoni. Wakati Tanganyika inapata uhuru alikuwa msichana wa shule, na alikumbuka hata harufu ya sare mpya. Alisema polepole, na mimi niliyasikia kwa masikio yangu: "Mimi nilizaliwa chini ya malkia wa watu. Nikapewa nchi nikiwa mtoto wa shule, mchana kweupe, watu wanaimba. Wewe umeirudisha kaunta kama shati lisilokuenea."

"Mama, bila kile kiapo usingekuwa umekaa kwenye kiti hicho."

Mwalimu akasimama. Ndivyo alivyojibu. Akasimama kutoka kwenye kile kiti na hakukaa tena mpaka alipoihama nyumba ile. Chakula cha jioni alikula amesimama kando ya jokofu, sahani mkononi, na Neema akamuuliza, "Bibi, why are you standing?" Mke wa Elia aliporudi kutoka zamu akamsihi, akamletea mto, wapi. Kabla ya wiki kwisha alikuwa amehamia kwangu Maplewood, kwenye chumba nilichokuwa nikiwekea baiskeli na masanduku.

Kuishi na mwalimu wako ukiwa mtu mzima ni mtihani wa aina yake. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, naye aliitikia marahaba huku akiukagua mkunjo wa shati langu la kazini. Alimgombeza mtabiri wa hali ya hewa kwenye televisheni, kana kwamba theluji ni uzembe wa yule bwana. Mboga alikata mwenyewe, maana kisu changu, alisema, kinakata kwa hasira. Na katika jengo la maduka karibu nasi, ambako wazee huenda asubuhi kutembea wakikwepa barafu, alipata rafiki, bibi mmoja Mhmong, kabila la Laos huko Asia, asiyejua Kiswahili wala Kiingereza. Walitembea bega kwa bega, kila mmoja akizungumza lugha yake, wakipeana mboga za majani kwenye mifuko ya plastiki. Nilipomuuliza wanaongea nini, aliniambia, "Wanawe hawamsikilizi." Sijui alijuaje, na sijui kama mwenyewe aliyasikia aliyoyasema.

Hapo ndipo mtu huyu aliponishinda. Kwa mgeni alikuwa na subira isiyo na mwisho. Kwa marehemu ndiyo usiseme. Angeweza kunieleza nusu saa kwa nini baharia fulani alimwibia mwenzake biskuti, jinsi njaa ya melini ilivyo, jinsi ufizi unavyooza, mpaka unamwonea huruma mwizi na kumsahau aliyeibiwa. Elia akipiga simu, aliniambia niseme amelala. Saa nne asubuhi!

Na hakuwa amemtupa, hilo lisije likadhaniwa. Alimtaja kwa jina katika sala, kwa sauti, nilimsikia kupitia ukuta. Siku ya kuzaliwa ya Elia aliamka mapema akapika wali na samaki wa nazi, akafunga vizuri, akanipa nipeleke Golden Valley. "Useme umepika wewe." Nikapeleka, nikasema nimepika mimi. Elia akaonja kijiko kimoja pale pale mlangoni, akakitafuna muda mrefu. "Mwambie Rehema amepika vizuri sana," akaniambia mimi Rehema. Nikarudi nikamwambia Mwalimu, naye akasema, "Ehe," akaendelea kukunja kanga zake.

Watu wazima wawili, wote wana akili, wote wanapendana, na mimi tarishi wa samaki. Nilikuwa nachoka nao. Leo ningetoa chochote nichoke nao tena.

Krismasi ya mwaka ule wa kibandiko Elia alikuja kwangu amevaa suti. Alisalimu, akakaa kidogo, halafu akainuka na kupiga magoti kwenye zulia langu, mbele ya kochi alilokaa mama yake. "Mama, nimekuja kuomba radhi." Mtu asiyetoka kwetu anaweza kudhani hilo ni neno la adabu tu. Kwetu mtoto asiye na radhi ya mama hata akijenga ghorofa haioni imesimama. Kila kitu chake anakishika kama cha kuazima. Mwalimu alikuwa anamenya chungwa. Aliendelea kumenya, ganda likishuka refu bila kukatika.

"Inuka," akasema. "Utaharibu suruali."

Yakaishia hapo. Pasaka Elia alikuja tena, akapiga magoti tena, akaambiwa ainuke. Krismasi iliyofuata alipiga magoti bila suti, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma tangazo. Baada ya siku hiyo alipokuja alikaa kwenye kiti kama mgeni yeyote, akauliza habari za presha na dawa, akaacha matunda, akaondoka. Mwalimu hakuonyesha kama ameona tofauti. Nami nilijiambia ni nafuu, angalau sasa hakuna machungwa yanayomenywa.

Aliyemwamsha Mwalimu alikuwa Mama Furaha, kiongozi wa kwaya katika kanisa moja Saint Paul, Mkongo wa Kivu, mwanamke wa sauti kubwa na mikono ya kugusa watu anapozungumza. Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya wanawake walibaki chini ukumbini kunywa chai, na Mwalimu aliombwa asimulie. Mimi Mwislamu nilikuwa pale kama dereva wake, na kwa ajili ya maandazi. Siku hiyo alimsimulia yule mtoto wa mfalme wa Mombasa, vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia shuleni. Alipofika kwenye kaburi la baba, kina mama waliopita kambi za wakimbizi wakawa wanajipangusa macho. Akamaliza kama kawaida: mtoto aliyeapa ili arudi nyumbani hakuapa, aliomba nauli.

Mama Furaha akaweka kikombe chini. "Mwalimu, niko na swali. Ule mutoto aliapia mufalme wa Wazungu, ni vile?"

"Aliapa, ndiyo."

"Na wewe unamuhurumia."

"Alikuwa yatima. Angefanya nini?"

"Na Elia?" Mama Furaha akamshika goti. "Elia aliapa sababu ya nani? Si sababu yako wewe? Mutu alishakufa, hata kaburi yake haujue, unamusamehe kila mwaka. Wako mwenye kuwa muzima unamufungia mulango. *C'est pas bon*, Mwalimu, haiko muzuri. Mimi nilizika watoto. Ningepata mumoja wa kukuja kunipigia magoti, ningemubeba mugongoni."

Nilimwangalia Mwalimu nikitarajia "yupi?" yake, au mzaha, au ukali. Akachukua mkoba wake, akaniambia twende. Tulipoegesha gari nyumbani ndipo akasema tu, "Yule mama amesema kweli," akashuka.

Nilidhani angepiga simu usiku ule ule. Hakupiga. Mwalimu alikuwa mtu wa kuandaa somo. Majira ya baridi yote aliliandaa hilo moyoni, na ukweli unaonikera hadi leo ni kwamba alichelewa kwa kutaka kulifanya vizuri.

Hapa lazima niseme yaliyokuja baadaye, ili yasije yakaniharibia mwisho. Baada ya Jumapili nitakayoieleza alirudi Lindi, akafariki mwaka mmoja baadaye, kwa moyo, katika nyumba aliyoijenga kwa mshahara wa ualimu. Elia alikwenda kuzika. Pale uwanja wa ndege Dar es Salaam alisimama foleni ya wageni akisubiri viza ya kuingia nchi aliyozaliwa. Aliniambia kwa simu kwamba ofisa alimuuliza madhumuni ya safari yake, kwa upole tu, kama anavyouliza kila mtu, na yeye akashindwa kujibu mpaka mtu wa nyuma yake akaanza kuguna. Nilikaa jikoni na simu sikioni, nikalia. Nililia kwa ajili yake zaidi kuliko kwa ajili ya Mwalimu, na nadhani Mwalimu mwenyewe angenielewa.

Sasa ile Jumapili. Theluji ilikuwa imeshayeyuka, umebaki mchanga unaomwagwa juu ya barafu, kandokando ya barabara. Mwalimu alitoka chumbani amevaa kitenge chake cha sikukuu, chini ya lile koti zito alilokuwa akiliita godoro. "Nipeleke Golden Valley," akasema. "Leo namaliza."

Garini alikuwa mchangamfu kupita kiasi. Alisoma kila kibao cha barabara kwa sauti. Halafu akaanza kunipangia jinsi mambo yatakavyokwenda, hatua kwa hatua, kama andalio la somo.

"Atapiga magoti. Nitamwacha hapo kidogo, si sana, ana magoti mabaya kama ya baba yake. Halafu nitaomba maji. Kwetu mzazi anachukua funda, anampulizia mtoto kichwani, anamwambia nimekuwia radhi, nenda na amani. Mama yangu alinifanyia hivyo nilipokwenda chuo cha ualimu. Maji yalikuwa baridi, yakaingia mpaka mgongoni. Sijayasahau."

"Na asipopiga magoti, Mwalimu?"

"Elia?" Akanitazama kama nimeuliza swali la kijinga darasani. "Elia atapiga magoti hata kwenye barafu."

"Lakini si unaweza ukaanza wewe?"

"Mzazi haanzi, binti. Radhi huombwa. Nikianza mimi inakuwa nimekwenda kuomba nipokelewe."

Sikubishana naye. Nani alibishana na yule mwanamke akashinda?

Elia alifungua mlango, na furaha iliyomjaa usoni sitaki kuisimulia, nitaiharibu. Alimkumbatia mama yake pamoja na lile godoro lake. Akamvua koti, akamwongoza sebuleni, akamketisha. Mkewe alikuwa kazini. Neema, aliyekuwa amerefuka ghafla, alikaa sakafuni na simu yake, akamsalimia bibi yake shikamoo moja safi kabisa, halafu akarudi kwenye Kiingereza. Ikaja chai, ikaja keki ya ndizi. Wakazungumza habari za presha, za majirani, za bei ya nyumba Maplewood. Nilimwona Mwalimu anangoja. Kila Elia alipoinuka kuchukua kitu, yeye aliweka kikombe chini na kuweka mikono mapajani.

Mwishowe akasema, "Elia."

"Naam, Mama."

"Una neno lolote la kuniambia?"

Elia akafikiri kweli kweli. "Hapana, Mama. Nimefurahi tu umekuja."

"Hakuna kabisa?"

Hapo akaelewa, au alidhani ameelewa. Akasogea, akamshika mkono. "Mama, kama ni yale ya zamani, mimi nimeshayaweka chini. Kweli. Nilikaa nayo muda mrefu, nikawa silali, nikaona nitaumwa bure. Nikayaacha. Sina kinyongo na wewe hata chembe, na wewe usijisumbue. Yamekwisha."

Alisema kwa upendo. Ningependa angesema kwa hasira, maana hasira ingekuwa bado inaomba kitu. Huyu hakuwa akiomba chochote tena. Alikuwa amejifunza kuishi bila kitu ambacho mama yake alikuwa amekibeba toka Maplewood mpaka hapo, na alikuwa anamwondolea mama yake mzigo kwa moyo mweupe kabisa. Nilitaka kumvuta shati ashuke chini. Nilitaka kusema, "Elia, piga magoti, dakika moja tu." Lakini hilo si jambo ambalo mtu wa tatu anaweza kulisema katika nyumba ya mama na mwana. Likishasemwa na mwingine halipo.

"Niletee maji," Mwalimu akasema.

Elia akaenda, akaleta glasi yenye barafu kama wanavyokunywa huku, akakumbuka, akarudi jikoni akamwaga, akaleta mengine yasiyo na barafu. Alimpa kwa mikono miwili, akiinama kidogo, kama alivyolelewa. Kwa kitambo kile nilidhani goti linakunjika. Halafu akanyooka, akasimama pembeni ya kiti, akitabasamu.

Mwalimu akachukua funda. Hakumeza. Mashavu yake yakajaa, na macho yake yakapanda yakatua juu ya kichwa cha mwanawe, pale nywele zilipoanza kupungua, yakabaki hapo. Elia alikuwa mbali naye kwa mkono mmoja tu, lakini alikuwa juu yake, na maji ya radhi hayapulizwi kwenda juu. Aliyashikilia.

"Bibi, are you okay?" Neema akauliza.

Mwalimu akameza.

"Nikuongeze, Mama?" Elia akasema.

"Hapana, baba. Yametosha."

Elia akaipokea glasi, akaenda nayo jikoni. Tukakaa mimi na Mwalimu tukimsikia anaiosha.